Mifupa ya Mkia wa Samaki, kutoka Mwalo wa Ggaba hadi Vilindi vya Bahari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa sayansi ya samaki hapa Uganda, walimu wa baiolojia wa sekondari, na yeyote anayesimama mbele ya meza ya samaki akajiuliza kilichomo ndani ya mkia. Maswali ni yale ninayoulizwa darasani na mwaloni. Mengine nimeyajibu kwa urefu, mengine kwa maneno machache, kulingana na uzito wa jambo lenyewe. Msimamo wangu nausema mapema: mkia wa samaki wa vilindini hausomeki vizuri kwa mtu ambaye hajawahi kuufungua mkia wa ngege, yaani tilapia.

Uganda haina bahari. Samaki wa vilindini wanatuhusu nini?

Wanatuhusu kwa sababu mifupa ni ileile. Ngege wa Ziwa Victoria na samaki anayeishi meta 4,000 chini ya uso wa Bahari ya Hindi wote ni teleosti, kundi ambalo lina zaidi ya spishi tisa katika kila kumi za samaki walio hai. Mkia wa teleosti umejengwa kwa mpango mmoja. Samaki wa vilindini aliurithi mpango huo, kisha vizazi vyake vikaupunguza, vikaunganisha vipande au vikavirefusha, kufuatana na maisha ya gizani. Ukiujua mpango wa awali, unaona mara moja kilichoondolewa.

Tena sisi tuna bahati ambayo wanafunzi wengi wa pwani hawana. Asubuhi moja pale Ggaba au Masese unaweza kununua ngege, sangara (ambaye hapa wengi humwita mputa), mukene au dagaa, mumi au kambale, domodomo na kamongo. Hao ni samaki wa koo zilizoachana zamani sana, na kila mmoja ana mkia wa namna yake. Wote ni wabichi, na kwa bei ya kitoweo.

Nikiufungua mkia wa ngege nitakuta nini?

Anza na pingili za uti wa mgongo ukielekea nyuma. Kila pingili ya eneo la mkia ina mwiba wa juu, unaokinga neva kuu, na mwiba wa chini, unaokinga mshipa mkubwa wa damu. Ukikaribia mwisho, miiba hiyo inarefuka na kulala kuelekea nyuma, kwa kuwa sasa inasaidia kubeba pezi.

Pingili ya mwisho haifanani na wenzake. Upande wa mbele ni pingili ya kawaida, lakini nyuma imechongoka na kupinda kwenda juu. Sehemu hiyo huitwa urostaili. Chini na nyuma yake kuna mifupa bapa yenye umbo la pembetatu, imetandazwa kama vidole vya kiganja kilichofunguliwa. Hizo ni haipurali, na ndizo kiini cha somo hili lote. Huhesabiwa kutoka chini kwenda juu. Katika kundi pana la samaki wanaofanana na sangara, mpango wa kawaida ni haipurali tano, ingawa kwa baadhi ya ngege zile jirani huungana na ukadhani ni chache zaidi. Mbili za chini hubeba nusu ya chini ya pezi, zilizobaki hubeba nusu ya juu. Kati ya ya pili na ya tatu kuna mwanya mdogo. Utafute mwanya huo kabla ya kitu kingine chochote, maana ndio mpaka kati ya nusu mbili za mkia.

Mbele kidogo ya haipurali ya kwanza kuna mfupa unaofanana nayo sana, parahaipurali. Wanafunzi huzichanganya kila mwaka. Tofauti yake ni tundu: parahaipurali ni mfupa wa mwisho wa upande wa chini ambao mshipa wa damu hupita katikati ya shina lake. Haipurali hazina njia hiyo. Pitisha sindano nyembamba. Ikipita, hujafika kwenye haipurali.

Juu ya urostaili kuna vijiti viwili au vitatu vilivyoning'inia katika nyama bila kushikana na pingili yoyote. Hizo ni epurali, na ndizo hupotea kwanza mtu akisafisha kwa pupa. Ubavuni mwa urostaili kuna jozi ya mifupa myembamba, uroneurali, inayoikaza isiyumbe. Mwisho kabisa ni njiti za pezi. Kila njiti ina nusu mbili, ya kushoto na ya kulia, na nusu hizo hukumbatia ukingo wa haipurali. Njiti imekatwa vipande vidogo vidogo kwa urefu wake, kwa hiyo inaweza kupinda bila kuvunjika.

Kwa nje mkia uko sawa juu na chini. Kwa ndani je?

Hapana, na hili ndilo jambo ninalopenda kulifundisha kuliko yote.

Mtoto wa samaki anapoanguliwa, mhimili wa mwili wake ni notokodi, ufito laini ulionyooka hadi ncha ya mkia. Pezi lake wakati huo ni utando tu. Siku zinavyokwenda, vipande vya gegedu huchipuka upande wa chini wa notokodi, karibu na mwisho. Hivyo ndivyo vitakavyokuwa haipurali. Vinapokua, ncha ya notokodi inapinda kwenda juu, na vipande vilivyokuwa chini vinageuka na kutazama nyuma. Njiti zinaota juu yake, pezi linafunguka, na mtu anayeangalia kwa nje anaona mkia uliogawanyika sawasawa.

Kwa hiyo karibu pezi lote la mkia wa ngege, pamoja na ile nusu unayoiita ya juu, limebebwa na mifupa iliyozaliwa upande wa tumbo. Mkia wa aina hii huitwa homoserka. Ule wa papa, ambao uti wa mgongo unaingia moja kwa moja katika sehemu ya juu na kuifanya iwe ndefu, huitwa heteroserka. Teleosti ametokana na mababu wenye mkia wa heteroserka, na urostaili iliyopinda ni ushahidi wake. Wanaochunguza viluwiluwi vya samaki hutumia kupinda huko kama kipimo cha umri: kabla ya notokodi kupinda, wakati wa kupinda, na baada yake.

Njiti za mkia huhesabiwaje?

Hesabu njiti zilizogawanyika matawi, kisha ongeza moja ya juu na moja ya chini zisizo na matawi lakini zinazofika ukingoni mwa pezi. Hizo ndizo njiti kuu. Vijiti vifupi vinavyopanda kwenye shina la mkia, juu na chini, huhesabiwa peke yake.

Katika kundi pana la sangara hesabu ya kawaida ni 17, tisa juu na nane chini. Jamii ya ngege wana 16, nane kwa nane. Jamii ya mukene wana 19, kumi juu na tisa chini. Hesabu hizi hazibadiliki ovyo kati ya samaki mmoja na mwenzake, ndiyo maana zinaaminika katika kutambua ukoo. Samaki wa taa wa vilindini wa jamii ya Myctophidae nao wana 19, sawa na mukene, ingawa hawana undugu wa karibu. Sababu ni kwamba 19 ni hesabu ya zamani ya teleosti, na wote wawili wameihifadhi.

Vilindi vinaanzia wapi?

Kwa kawaida huanzia meta 200, pale ambapo mwanga wa jua hautoshi tena kuotesha mimea. Ukivuka meta 1,000 hakuna mwanga wa jua kabisa. Wastani wa kina cha bahari zote ni karibu meta 3,700. Linganisha na Ziwa Victoria, ambalo mahali penye kina zaidi ni kama meta 80, na Ziwa Albert ambalo halifiki 60.

Wengine huniuliza kuhusu Tanganyika, lenye kina cha meta 1,470. Ziwa hilo halina samaki wa vilindini, kwa sababu maji yake ya chini hayana oksijeni. Bahari ni tofauti: maji baridi ya maeneo ya ncha za dunia huzama na kubeba oksijeni hadi chini kabisa.

Shinikizo la maji halivunji mifupa ya mkia?

Halivunji. Kila meta 10 za kina huongeza shinikizo la angahewa moja, kwa hiyo meta 8,000 ni kama angahewa 800. Lakini shinikizo huponda kitu chenye hewa ndani yake kilichozungukwa na maji. Mfupa umejaa umajimaji na tishu, na shinikizo la ndani ni sawa na la nje. Ngege angeumizwa kwanza na bondo lake, kile kibofu cha hewa, wala mkia usingevunjika.

Shinikizo hudhuru mahali pengine, kwenye protini na utando wa seli. Samaki wa vilindini hujikinga kwa kujaza mwilini kemikali iitwayo TMAO, ambayo huongezeka kadiri kina kinavyoongezeka. Watafiti walikadiria kwamba kinga hiyo inafika mwisho karibu na meta 8,200 au zaidi kidogo, na hadi leo hakuna samaki aliyepigwa picha mbali chini ya hapo.

Basi kwa nini samaki wengi wa huko wana mikia yenye mifupa michache au laini?

Kuna sababu zaidi ya moja, na nadhani ni kosa kuchagua moja na kuziacha nyingine.

Ya kwanza ni chakula. Karibu chakula chote cha vilindini kinatoka juu, na kinachofika chini ni kidogo mno. Mfupa ni ghali kuujenga. Samaki asiyehitaji kukimbia sana hupata faida kila anapopunguza mfupa na msuli.

Ya pili ni uzito. Mfupa ni mzito kuliko maji. Samaki wa ziwani hulipia uzito huo kwa kibofu cha hewa, lakini kujaza gesi kwenye shinikizo la angahewa mamia ni kazi kubwa, na wengi wa vilindini wamekiacha kibofu hicho. Akiondoa kibofu, ni lazima apunguze uzito kwingine: mifupa myembamba yenye madini kidogo, misuli yenye maji mengi, na tabaka la utetute, laini kama jeli, chini ya ngozi.

Ya tatu ni giza. Juu penye mwanga, windo humwona mwindaji kutoka mbali na mbio huanza mapema. Gizani wanakutana ghafla, wakiwa wamekaribiana. Samaki anayewinda kwa kuvizia hahitaji mkia wa kukimbiza mtu kwa mwendo mrefu. Anahitaji pigo moja au mawili.

Ongeza na ukoo. Samaki wengi waliotawala sakafu ya vilindi wanatoka katika koo ambazo tayari zilikuwa na miili mirefu inayochongoka, na hilo halikuamuliwa na kina peke yake.

Mwalimu, ni kweli kuna samaki asiye na pezi la mkia kabisa?

Kweli, na ni miongoni mwa samaki walio wengi kabisa kwenye sakafu ya bahari. Ni jamii ya Macrouridae, ndugu wa chewa wa Atlantiki. Kichwa ni kikubwa, tumbo ni fupi, kisha mwili unachongoka hadi unakuwa mwembamba kama uzi. Pezi la mgongoni na pezi la chini vinakutana kwenye ncha. Ukitafuta haipurali zilizotandazwa huzipati. Pingili zinaendelea kupungua ukubwa hadi zinakwisha. Coryphaenoides armatus, mmoja wa jamii hiyo, anaishi hata kwenye kina cha zaidi ya meta 4,000.

Uzi huo hukatika kirahisi kwenye nyavu. Ndiyo maana watafiti wa uvuvi hawawapimi samaki hawa kutoka mdomoni hadi mwisho wa mkia tunavyompima sangara. Hupima kutoka ncha ya pua hadi mwanzo wa pezi la chini, kwa sababu urefu huo haupotei mkia ukikatika.

Sasa mchukue kamongo. Naye ana mkia uliochongoka, na pezi la juu, la mkia na la chini ni utepe mmoja usiokatika. Ukiwaweka sambamba, michoro yao ya nje inakaribiana sana. Ndani ni habari nyingine. Kamongo ni samaki wa mapafu, wa ukoo ulioachana na teleosti zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Mhimili wake hadi utu uzima ni notokodi nzima isiyogawanyika kuwa pingili imara, na miiba ya juu na ya chini imepangwa juu yake. Macrouridae ana pingili halisi za mfupa, na ndugu zake chewa wana mkia wenye haipurali, yeye ameupoteza. Mikia miwili imefika kwenye umbo moja kwa njia mbili tofauti, na bila kufungua ndani usingejua. Kwa wale ambao kamongo ni muziro, yaani mnyama wa mwiko, wa ukoo wao, kama watu wa Mmamba hapa Buganda, picha ya eksirei inatosha kabisa kwa somo hili, na mimi siwahi kumlazimisha mwanafunzi kumpasua.

Faida ya mkia mrefu namna hiyo inajadiliwa bado. Maelezo yanayonishawishi zaidi ni mawili: mwili mrefu hubeba mstari mrefu wa vihisi vya ubavuni, vinavyonasa mitikisiko ya maji, na kuupinda polepole kwa mawimbi hutumia nguvu kidogo.

Samaki wa kina kirefu kuliko wote ana mkia wa namna gani?

Samaki wa jamii ya Liparidae ndio wanaoshika rekodi. Mwaka 2022 mmoja alipigwa picha za video kwenye meta 8,336 katika mtaro wa Izu-Ogasawara, kusini mwa Japani, na wawili walinaswa kwenye meta 8,022 katika mtaro wa Japani. Ndugu yao wa mtaro wa Mariana, Pseudoliparis swirei, alipewa jina la kisayansi mwaka 2017.

Watu hutarajia dubwana. Ni samaki mdogo, laini, mweupe wa waridi, asiye na magamba. Mkia wake ni mwembamba. Katika jamii hii haipurali zimeungana kuwa bamba moja au mawili, njiti ni chache, na mapezi ya juu na chini yanakaribia kulifunika shina la pezi la mkia. Mwaka 2019 watafiti waliosoma jeni za samaki wa Mariana walikuta jeni mojawapo inayohusika na ukomavu wa mfupa imeharibika, jambo linalolingana na mifupa yake iliyobaki na gegedu nyingi.

Halafu kuna utetute unaozunguka mkia huo. Zamani ulidhaniwa kuwa wa kumsaidia kuelea tu. Watafiti walitengeneza roboti ndogo yenye umbo la samaki huyu, wakaona kwamba mkia ukizungushiwa tabaka laini lenye maji roboti huogelea kasi zaidi, kwa kuwa mwili unapungua unene taratibu badala ya kukatika ghafla nyuma ya kichwa. Anayesoma mifupa peke yake hapa angekosa nusu ya habari, na ninawasihi wanafunzi wachore nyama laini kabla ya kuiondoa.

Haipurali zikiungana kuwa bamba moja, maana yake samaki ana kasi?

Si lazima. Kwa jodari, ndiyo. Haipurali zake zimeungana kuwa bamba gumu, na mashina ya njiti yanalifunika bamba hilo karibu lote pande mbili, hivyo pigo la msuli linafika kwenye pezi bila kupotea njiani. Huyo anaogelea mchana na usiku.

Samaki mvizi wa vilindini wa kundi la Ceratioidei, yule mwenye chambo kinachong'aa kichwani, naye ana bamba moja. Njiti zake ni chache, mara nyingi nane au tisa, nene na ndefu. Lakini muda mwingi anaelea tu akingoja. Mkia wake ni wa kuusukuma mwili wa duara kwa ghafla, kisha anatulia. Bamba linaeleza kwamba mkia ni mgumu; halielezi samaki anautumia mara ngapi kwa siku. Jibu hilo utalipata kwenye misuli na umbo la mwili. Nimeona majibu ya mitihani yaliyoandika "bamba, kwa hiyo kasi", na sentensi hiyo haitoshi.

Kuna samaki anayesimama kwa mkia?

Yuko: Bathypterois grallator. Njiti mbili za mapezi ya tumbo na njiti za sehemu ya chini ya mkia zimerefuka kupita kiasi, na samaki hutua juu ya hizo tatu kwenye tope, mwili ukiwa juu ya sakafu, akiutazama mkondo wa maji. Hapo hungoja vijidudu vya jamii ya kamba vimjie. Macho yake ni madogo mno. Hutegemea njiti za mapezi ya kifuani, alizozinyanyua mbele, kuhisi kinachopita. Mwili wenyewe ni wa sentimeta 40 hivi, njiti zinaweza kuukaribia au kuupita urefu huo.

Mwingine wa kutajwa ni Stylephorus chordatus, ambaye njiti mbili za chini za mkia zimekuwa nyuzi ndefu kuliko mwili wake wote.

Nasikia kuna mikia inayotoa mwanga.

Ipo. Samaki wengi wa taa wa Myctophidae wana tezi za mwanga kwenye shina la mkia, na katika spishi kadhaa dume anazo juu na jike chini, au ukubwa wake unatofautiana. Samaki hawa hupanda karibu na uso wa bahari usiku kula na kushuka kabla ya mapambazuko, kwa hiyo mkia wao umebaki imara, wenye panda na haipurali zilizo wazi. Ni ukumbusho kwamba si kila samaki wa vilindini ana mkia dhaifu. Anayesafiri mamia ya meta kila siku anauhitaji. Eurypharynx pelecanoides, mwenye mdomo mkubwa kuliko tumbo, yeye ana kiungo cha mwanga kwenye ncha ya mkia mrefu ambao pezi lake limebaki dogo sana.

Nasi tuna mkia wenye kazi ya ziada hapahapa. Domodomo wa Ziwa Victoria na Nile ana kiungo cha umeme ndani ya lile shina jembamba la mkia, kilichotokana na misuli. Umeme wake ni hafifu, hauwezi kukushtua, lakini anautumia kuhisi vitu gizani na kuwasiliana na wenzake. Ukimkata mkia, fanya hivyo kwa makini. Kiungo hicho kimezizunguka pingili za mwisho na kinaonekana tofauti na nyama ya pembeni.

Papa wa vilindini je?

Mkia wake ni wa gegedu, hauna haipurali za mfupa. Papa wengi wa huko wana mkia uliolala, wenye sehemu ya chini ndogo, tofauti na papa wa kasi wa maji ya juu. Papa na ndugu zao ni nadra sana chini ya meta 3,000.

Silikanti tuliyesikia amevuliwa Tanga anaingia wapi?

Anaingia vizuri sana, na ndiye jirani yetu wa karibu katika somo hili. Sayansi ilimtambua akiwa hai mwaka 1938 huko Afrika Kusini, baada ya kudhaniwa ametoweka zama za dinosaria. Baadaye alipatikana Komoro, na tangu miaka ya 2000 wavuvi wa Kenya na Tanzania wamemnasa pia. Huishi kwenye miteremko ya mawe, mara nyingi kati ya meta 100 na 300, kwa hiyo yuko kwenye mlango wa vilindi tu.

Mkia wake una sehemu tatu: ya juu, ya chini, na kishungi kidogo katikati kinachotokeza nyuma. Notokodi imenyooka hadi kwenye kishungi hicho, haipindi juu. Hakuna haipurali zilizogeuka. Badala yake kila njiti ya juu na ya chini ina kijiti chake cha kuibeba, kilichofuatana na mwiba wa pingili yake, moja kwa moja. Miiba hiyo ina uwazi ndani. Mwanafunzi akishika mchoro wa silikanti mkono mmoja na mkia wa sangara mkono wa pili, mara nyingi ndipo anaelewa ukubwa wa mageuzi yaliyofanyika kwa teleosti.

Naweza kuandaa mkia nyumbani bila maabara?

Unaweza. Chukua ngege wa kiasi, asiwe mkubwa sana, kwa sababu kwa wakubwa mifupa huungana na mipaka inafifia. Kata pingili nne au tano mbele ya pezi. Toa magamba na ngozi. Weka kwenye maji ya moto yasiyotokota kwa dakika chache, kisha ondoa nyama kwa kibano na mswaki laini. Rudia polepole. Ukichemsha kwa nguvu, njiti zitaachana na haipurali na epurali zitaelea juu ya sufuria.

Kabla ya kuondoa nyama ya upande wa juu, tafuta epurali na uzipige picha zilipo. Kisha loweka mkia kwenye haidrojeni peroksaidi hafifu ya famasi kwa saa chache ili uwe mweupe, suuza, na uukaushe kivulini ukiwa umebanwa kati ya vipande viwili vya kadibodi. Jua kali huukunja.

Kwa mwenye kuhitaji mifupa mikubwa, mabaki ya sangara kutoka viwandani, yale ambayo Kisumu huitwa mgongo wazi, mara nyingi bado yana mkia mzima. Tundu la parahaipurali kwenye mkia wa sangara mkubwa unaliona bila lenzi.

Maabara hutumia njia gani kwa samaki wadogo?

Hutumia rangi. Gegedu hutiwa rangi ya buluu iitwayo alsiani, mfupa hutiwa nyekundu iitwayo alizarini, nyama huyeyushwa na kimeng'enya na kung'arishwa hadi iwe angavu, na samaki huhifadhiwa ndani ya gliserini. Matokeo yake ni samaki mzima ambaye unaona kila mfupa mahali pake. Siku hizi skani za kompyuta za eksirei hufanya kazi hiyo bila kumharibu samaki, na ndiyo njia bora kwa samaki wa vilindini ambaye yuko mmoja tu katika hifadhi. Lakini skani huona gegedu kwa shida. Kwa samaki wenye mifupa laini, rangi bado haijapata mpinzani.

Ngege wa kizimba changu wana mikia iliyopinda. Ni ugonjwa?

Inaweza kuwa upungufu wa vitamini C au fosforasi katika chakula, joto lisilofaa wakati wa kuatamia mayai, vifaranga kuumizwa, au wazazi wenye undugu wa karibu. Angalia kwanza kama tatizo liko kwa kundi lote au kwa wachache. Likiwa kwa kundi lote, anza na chakula. Peleka sampuli kwa wataalamu wa taasisi ya utafiti wa uvuvi iliyoko Jinja. Wanapenda kuletewa samaki mzima aliyewekwa kwenye barafu, asiyetumbuliwa.

Nianze na samaki yupi?

Anza na ngege, kwa sababu ni imara na ana kila mfupa niliotaja. Kisha sangara, ulinganishe hesabu ya njiti. Wa tatu awe mukene mkavu: mloweke usiku mmoja, umweke juu ya kioo chenye taa chini yake, na utumie lenzi. Haipurali zake zitaonekana kupitia ngozi bila kukata chochote, na kwa kawaida jamii yake ina sita, moja zaidi ya sangara. Ile ya sita ni ndogo sana na iko juu kabisa, karibu na ncha ya urostaili. Usiandike tano mpaka umeitafuta.